Fomu Namba Moja

Siku ambayo Mpimaji alikuwa aondoke, Fundi alifungua duka saa mbili asubuhi kama kawaida, akafagia kama kawaida, kisha akaanza kuipaka mafuta cherehani ambayo haikuwa na shida yoyote. Mama yake, aliyekuwa ameketi kwenye kona yake na mkasi wake, alimtazama akirudia mara ya pili.

"Hiyo cherehani itateleza itoke nje," alisema. "Acha mafuta. Kama una la kusema, mwambie anayestahili kuambiwa."

"Sina la kusema, Mama."

"Haya. Mimi nimekuzaa tu, najua nini?"

Lilikuwa duka la vyumba viwili. Katika cha mbele walikarabati nguo: zipu zilizokufa, magoti yaliyochoka, makwapa yaliyofumuka, makoti ya marehemu ambayo watoto wao walitaka yapunguzwe yawatoshe. Katika cha nyuma kulikuwa na magauni kumi na manane ya kukodisha, kila moja ndani ya mfuko wake, na kabati la mitumba ambayo Mama aliichagua kwa jicho lisilodanganyika. Kwa miaka mingi maisha ya duka yalikuwa hayo tu. Kisha, miezi saba iliyopita, akaingia kijana mrefu mwenye daftari kwapani na shati lililopasuka kiwikoni, akasema ametumwa na shirika kupima faida inayopatikana kwa mazingira pale nguo inaporekebishwa, inapokodishwa au inapouzwa tena badala ya kutupwa.

Mama alimuuliza faida hiyo inapimwa kwa futi au kwa ratili.

Kijana hakucheka. Alivuta kigoda, akaeleza kwamba nguo mpya hunywa maji mengi tangu shambani hadi kwenye mapipa ya rangi, na hutoa moshi mwingi kiwandani na njiani. Nguo ya zamani ikirudi kuvaliwa, huenda maji hayo na moshi huo vikaepukwa. Aliitamka hiyo "huenda" kama mtu anayeweka jiwe mezani. Kila kitu kilitegemea swali moja, nalo lilikuwa limechapwa juu ya kila fomu: Kama usingepata huduma hii leo, ungenunua nguo mpya? Mteja akisema ndiyo, nguo mpya moja haikununuliwa, na dunia imepumua kidogo. Akisema hapana, hakuna kilichookolewa.

Fundi ndiye aliyepewa kazi ya kuuliza na kuandika, maana Mpimaji alikuwa na maduka mengine ya kuzungukia. Kila nguo iliyopimwa aliishonea lebo ndogo nyeupe yenye namba ya fomu yake. Ya kwanza kabisa ilikuwa lile shati la kiwiko. Fomu namba moja, mteja: Mpimaji mwenyewe. Alijibu ndiyo, ningenunua jipya, wakacheka wote wawili, na tangu siku hiyo wakawa wanaitana Fundi na Mpimaji, hata pale walipokuwa peke yao, ambapo watu wengine wangetafuta majina ya asali.

Mapenzi yao yalianza kwa ubishi. Bibi harusi mmoja alikuja mara tatu kwa gari kujaribu gauni la kukodi, na Mpimaji akaandika kwamba petroli ya gari ile imekula faida yote ya gauni.

"Ulitaka aje kwa miguu," Fundi aliuliza, "gauni amelibeba kichwani?"

Mpimaji alicheka mpaka kalamu ikamtoka mkononi. Baada ya hapo akawa anakuja hata siku zisizo na fomu za kuchukua. Mama alisema kijana huyu anapima kila kitu isipokuwa muda wa kuleta posa.

Posa haikuja kwa sababu moja, na sababu hiyo Fundi aliisikia kwa masikio yake. Wiki tatu zilizopita Mpimaji alipigiwa simu na mama yake wakati mikono yake imejaa gauni alilokuwa akilitia kwenye mizani. Akaibonyeza sauti itoke nje. Fundi alikuwa amepiga magoti akikunja pindo, pini nne mdomoni.

"Kazi yako ni kupima mitumba, mwanangu, sikukukataza," ile sauti ilisema. "Lakini usiniletee mmoja nyumbani. Mwanamke ameolewa, ameachika, na wewe hujawahi hata kuposa. Maadamu kila ukirudi unalala kwangu na unakula kwangu, mke nitachagua mimi. Siku utakapopata kazi ya kudumu na nyumba yako, oa umtakaye, sitakuja kukaa mlangoni."

Fundi hakuzitoa pini. Zilimsaidia asijibu. Mpimaji aliikata simu, akaja akachutama mbele yake.

"Umesikia mwenyewe," alisema. "Kazi ya kudumu na nyumba. Wafadhili wamesema wateja sitini katika kila mia wakijibu ndiyo, watafungua kituo cha vipimo hapa hapa mjini, na msimamizi nitakuwa mimi, na nyumba juu yake. Sasa hivi tuna sitini na nane. Unaelewa, Fundi? Tumeshavuka."

Fundi alitikisa kichwa kukubali, pini zikiwa bado mdomoni, na tangu siku hiyo usingizi ukamhama.

*

Alifika saa nne asubuhi, begi begani, amevaa lile shati namba moja. Gari la shirika lingempitia saa kumi, na kesho yake angekabidhi ripoti makao makuu.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Umepungua. Unapima chakula pia siku hizi?"

Alicheka, akaweka boksi la fomu juu ya meza ya kukatia. Zilikuwa mia mbili na kumi na moja. Alitaka moja tu zaidi ili afunge hesabu, na kwa bahati akaingia mlangoni mwalimu mstaafu kuchukua suruali yake. Fundi akamuuliza swali kama alivyowauliza wote.

"Ninunue mpya ya nini, binti yangu?" mwalimu alishangaa. "Nina suruali sita. Hii naipenda kwa sababu mifuko yake ni mirefu, funguo hazidondoki. Usingeishona ningevaa nyingine."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Mpimaji alikuwa amesimama karibu sana, bega lake likigusa la Fundi. Fundi akaandika: Hapana.

Mwalimu alipotoka, Mpimaji aliichukua ile fomu akaitazama akitabasamu. "Hapana ya kwanza mwezi huu. Nilidhani wateja wako hawalijui hilo neno."

Fundi aliweka kalamu chini. Alikaa kwenye kiti cha cherehani.

"Zile ndiyo," alisema, "si zote za wateja."

"Ni za nani?"

"Nyingine ni zangu."

Mkasi wa Mama ulinyamaza kwenye kona. Kisha ukaendelea, taratibu.

"Ngapi?" Mpimaji aliuliza.

"Sitini na tatu."

Hakupiga kelele. Fundi alitamani apige. Alivuta kigoda kile kile cha siku ya kwanza, akakaa mbele yake, akangoja, na sura yake ilikuwa ya mtu anayesomewa majibu ya daktari.

"Ulikuja siku moja umechoka," Fundi alisema. "Ukasema majibu ni mabaya, watafunga mradi, utarudi kwenu mwisho wa mwezi. Ulipotoka nikabadilisha moja. Moja tu, nikajiambia. Yule dada wa sketi ya kijani alisema angeazima ya mdogo wake, mimi nikaandika angenunua. Kesho yake ulikuja unapiga mluzi. Sikuwahi kukusikia ukipiga mluzi."

"Fundi."

"Ngoja nimalize, nikinyamaza sitaweza tena. Kila niliyoibadilisha niliitoboa kwa sindano, pembeni juu. Sikutaka zipotee. Kama ningekufa kabla ya kukwambia, nilitaka ziwe zinajulikana."

Mpimaji alilifungua boksi. Alichukua fomu ya juu, akaiinua kuelekea dirishani. Hakuna kitu. Akachukua ya pili, ya tatu. Ya nne ilipoinuka, chembe ya mwanga ilipenya kwenye kona ya karatasi, ndogo kuliko punje ya mtama. Aliitazama kwa muda mrefu. Kisha akainuka akaenda kuurudisha mlango.

"Nani mwingine anajua?"

"Wewe. Na Mama, nadhani ananusa."

"Sinusi kitu," Mama alisema. "Nakata bitana."

Mpimaji alirudi akakaa, akasogeza kigoda mpaka magoti yao yakagusana. Sauti yake ilishuka.

"Basi tuziache."

Fundi alidhani hakusikia vizuri.

"Tuziache zilivyo," alirudia. "Hakuna atakayeziinua dirishani. Nakabidhi kesho, wiki mbili kituo kimepitishwa, mwezi wa tatu naja na wazee wangu hapa mlangoni. Mama yangu ametoa neno lake, hawezi kulirudisha. Nguo bado zinaokoa maji, Fundi, si kwamba haziokoi. Ni kiasi tu. Tumeongeza kiasi."

Wewe unayesoma, pengine ungesema ndiyo. Msimulizi huyu pia angesema ndiyo, tena haraka, kabla mwanaume hajabadili mawazo. Mbele yake Fundi aliiona nyumba yenyewe, aliona hata pazia ambalo angelishona, na mikono aliyoipenda ilikuwa imeshika mikono yake. Alichohitaji kufanya ni kunyamaza, kazi aliyokuwa ameifanya kwa miezi mitano bila kufundishwa.

"Nikwambie kitu kuhusu mume wangu wa kwanza," alisema.

"Si lazima."

"Ni lazima. Miaka minne nilimpigia pasi mashati. Kila Ijumaa alisema anasafiri kikazi, nikamkunjia mawili kwenye begi. Kumbe alikuwa anayavaa kwenye nyumba nyingine, kwa mke mwingine, na watoto wawili. Uongo wake ulinyooka, haukuwa na kikunjo hata kimoja. Na mimi nilikuwa na furaha, Mpimaji. Ndicho kinachoniuma mpaka leo. Si kwamba alinidanganya, ni kwamba nilikuwa na furaha na haikuwa yangu."

Alitoa mikono yake mikononi mwa Mpimaji, akajifuta uso kwa kipande cha bitana.

"Ukinioa kwa hizi karatasi, siku moja utakasirika, kama watu wote wanavyokasirika, na utanitazama utaona kile kitundu. Hutasema. Wewe ni mtu mwema, hutasema. Lakini nitakuona ukikiona."

"Nikiondoka na namba za kweli sirudi. Wataleta mtu mwingine au hawataleta mtu. Nitarudi kwa mama yangu bila kazi, na unajua atakachofanya."

"Najua. Niko tayari kujua."

"Mimi siko tayari," Mpimaji alisema.

Mama aliweka mkasi chini. Alikuja na vikombe viwili vya chai, akaviweka mezani mbali na karatasi, akasimama kati yao kana kwamba anapima kitambaa.

"Mimi nilitaka mkwe," alisema. "Sioni haya kusema. Nilikuwa nimeshachagua hata gauni gani kule nyuma nitalitoa lisikodishwe tena. Lakini shono bovu hata ulipige pasi, likivutwa linaachia. Kunyweni chai, halafu fanyeni kazi. Saa kumi si mbali."

*

Walifanya kazi. Mpimaji aliinua kila fomu dirishani, na kila alipoona mwanga alisoma namba, na Fundi akamwambia jibu la kweli. Hakusahau hata moja. Hakuwakumbuka watu kwa majina, aliwakumbuka kwa nguo zao.

"Tisini na tatu."

"Koti la mvua, mfuko wa kushoto. Alisema angevumilia hivyo hivyo mpaka mvua ziishe."

"Mia na nne."

"Gauni la zambarau, la kukodi. Alisema asingelipata asingekwenda harusini kabisa, na angeshukuru, maana bwana harusi alikuwa mchumba wake wa zamani."

Mpimaji alicheka, bila kupenda. Fundi naye akacheka. Kisha wakakumbuka wanachofanya, na kicheko kikafa mezani kati ya vikombe. Wateja waliingia na kutoka, Mama akawahudumia wote kule mlangoni, akimwambia kila mmoja kwamba binti yake ana hesabu za kufunga.

Saa tisa unusu walimaliza. Mpimaji alijumlisha mara mbili, akapiga mstari. Thelathini na nane katika kila mia.

"Bado ni kitu," Fundi alisema.

"Ni kitu kizuri," alijibu. "Watu thelathini na nane. Nisingekujua wewe ningekipeleka kwa fahari."

Ilibaki fomu moja chini kabisa ndani ya boksi. Alikuwa ameiruka makusudi, Fundi alimwona. Sasa aliichukua, akaiinua dirishani. Namba moja. Haikuwa na tundu.

"Hiyo sikuigusa," Fundi alisema. "Hiyo jibu ni lako."

"Najua."

Alinyoosha mkono kwenye mto wa pini ulio kando ya cherehani, akachomoa sindano, akaitoboa ile karatasi pembeni juu.

"Shati halikupasuka," alisema. "Nilipita nje ya duka hili siku mbili kabla ya kuingia. Ulikuwa umeketi hapo mlangoni ukitia uzi, umefumba jicho moja. Kwenye orodha yangu kulikuwa na maduka sita, na hili halikuwemo. Nikalikata kiwiko kwa wembe ili niwe na sababu. Halafu ukaniuliza kama ningenunua jipya, nikasema ndiyo. Nisingenunua. Lilikuwa shati zima."

Fundi aliangalia chini, kwenye kile kiwiko alichokishona mwenyewe.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kitambaa kikichanika chenyewe hakinyooki, kinafuata kinapotaka. Lile lilikuwa limenyooka kama rula. Nimeshika nguo tangu nina miaka tisa, Mpimaji. Nilijua kabla hujakaa kwenye kigoda."

"Na hukusema."

"Nilifurahi."

Walitazamana. Uongo wa kwanza ulikuwa wa mwanaume, kunyamaza kwa kwanza kulikuwa kwa mwanamke, na hapakuwa na wa kumnyooshea mwenzake kidole. Machozi yalimtoka Mpimaji, akayaacha. Alichukua kalamu akaikata fomu namba moja kwa mistari miwili, akaandika: Imetolewa.

Nje honi ililia mara moja, kwa adabu.

"Vua begi," Fundi alisema. "Geuka."

"Kwa nini?"

"Nguo iliyotolewa kwenye hesabu inatolewa lebo. Kanuni ni yako."

"Hiyo iache. Nakuomba."

"Geuka, Mpimaji."

Aligeuka, akainamisha kichwa. Fundi aliupindua ukosi wa shati, akachukua kisu chake kidogo cha kufumulia. Shingo yake ilinukia sabuni. Ile lebo aliishona kwa mishono kumi na sita, midogo kuliko ilivyohitajika, akiwa hamjui mtu mwenyewe na tayari akitaka idumu. Sasa aliikata mmoja mmoja, na kila mmoja ulipokatika alihisi mabega ya Mpimaji yakitetemeka chini ya mkono wake. Hakuharakisha. Honi haikulia tena.

"Ningekuomba unisubiri," Mpimaji alisema, uso ukiwa ukutani.

"Usiniombe. Maana nitasubiri, na mama yako ni mzee, na wewe ni mtoto wake."

"Nikipata kazi kwingine? Nyumba yangu?"

"Ukipata, duka unalijua. Lakini usiniahidi leo. Leo nimechoka na majibu ambayo hayajawa kweli."

Mshono wa mwisho ulikatika. Lebo ilimwangukia kiganjani, akaifumbata. Kwenye ukosi palibaki vitundu kumi na sita, vimejipanga pande nne, katikati hakuna kitu. Alivipapasa kwa kidole gumba, akaurudisha ukosi, akaunyoosha kama alivyofanya kwa kila mteja.

Mpimaji alibeba boksi lake. Alimwinamia Mama, naye Mama akamshika kichwa kwa mikono miwili bila kusema mzaha wowote. Mlangoni alisimama, akapeleka mkono nyuma ya shingo.

"Umeacha vitundu."

"Ndiyo."

"Vitaziba? Nikilifuafua?"

Dereva alikuwa ameshawasha gari. Mama, kule kwenye kona, alikuwa ameshika mkasi na hakati. Neno lilikuwa rahisi, herufi tano tu, Fundi alikuwa ameliandika mara sitini na tatu kwa mkono wake mwenyewe kwa ajili ya mtu huyu.

"Hapana," alisema.

Mpimaji aliitikia kwa kichwa, akatoka. Fundi alisimama mlangoni, lebo namba moja ikimchoma kiganjani, mpaka gari lilipokata kona, na mpaka Mama alipomwita mara ya pili kwamba kuna mteja anangoja.